Hodi kwenye Kibanda cha Zege

Adui hakuja. Hilo ndilo la kwanza kulieleza kuhusu vile vibanda vya zege vilivyoko mashariki ya Toronto, kule ambako maghorofa ya Scarborough yanakoma na mashamba yanaanza. Wakati wa Vita vya Pili kulikuwa na kiwanda cha kujaza baruti kwenye makombora, na kukizunguka wakajenga vibanda vya walinzi, vifupi na vinene, kila kimoja na matundu membamba ya kutolea mtutu wa bunduki. Walinzi wakakaa humo wakingoja. Bahari ilikuwa mbali, adui alikuwa ng'ambo ya bahari, na kitu pekee kilichowahi kuwashambulia, nadhani, ni mbu. Vita vikaisha, kiwanda kikabomolewa, lakini vibanda ni vigumu kuvunja na hakuna aliyeona haja. Miti ikaota, mizabibu mwitu ikatambaa juu ya paa. Leo ukipita barabarani hutaviona. Utaona kichaka kilichoinuka kidogo kuliko vichaka vingine, na ukisogea karibu utaona kwamba kina jicho.

Mimi nilivijua kwa sababu ya mashine ya kufulia.

Naishi kwenye jengo la ghorofa nyingi, na chumba cha kufulia kiko chini kabisa, karibu na mapipa ya taka. Jumamosi moja asubuhi mashine ilimaliza kazi yake, ikazifungia nguo zangu ndani na kukataa kufungua mlango. Nikaiambia kwa Kiswahili maneno ambayo mama yangu hakunifundisha. Kutoka nyuma ya mashine za kukaushia, sauti ya mzee ikasema, kwa Kiswahili vilevile, "Mwache. Mzee mwenzangu huyo. Mwombe polepole."

Alikuwa Mgoa, mfupi, amevaa sweta la kijani lililotoboka kiwiko na kofia ya sufu, ingawa chumba kile kilikuwa na joto la kuumulia unga. Alizaliwa Mombasa, akafanya ukarani bandarini, akahamia Kanada angali kijana, akalea watoto huku na kumzika mke wake huku. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na cha mpira wa mtaani, hakikujali ngeli, na kilikuwa hai kuliko changu. Changu mimi, aliniambia siku hiyohiyo, ni cha taarifa ya habari.

"Wewe Mtanzania," alisema. "Nimejua mara moja. Umeitukana mashine kama mtu anasoma hotuba."

Nikamwita Anko, kama watu wa rika langu wanavyowaita wazee wa kwao. Yeye akaniita Mwalimu, baada ya kuambiwa kwamba nafundisha vijana kuandika insha katika chuo kimoja, kwa mkataba unaofufuliwa kila muhula dakika za mwisho. Sikumwambia kwamba na mimi mwenyewe huandika insha. Ni kazi ambayo ukiitaja mbele ya watu wazima wanakuonea huruma, wakidhani hujamaliza shule.

Siku zile nilikuwa nimezoea kukaa bila kutamka neno tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi. Mimi na mke wangu tulikuwa tumeachana kwa amani, jambo baya kwa namna yake, kwa sababu huna hata wa kumkasirikia. Binti yetu anasoma chuo katika mji mwingine. Hunipigia simu Jumapili. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, tunaelewana vizuri, na tukimaliza mimi hubaki nimeshika simu nikijiuliza kama tumezungumza.

Fundi wa mashine alichelewa, na katika kumngoja Anko akanihadithia. Alipofika nchi hii, basi lililompeleka kazini lilikuwa likipita kando ya shamba moja. Majira ya baridi, majani yote yameanguka, akaona kibanda. Akajua papo hapo ni nini. Mombasa walikuwa na kimoja hivyohivyo, Waingereza wamekiacha juu ya miamba karibu na maji, na yeye na wenzake wakakifanya chumba cha kuvutia sigara.

"Nikasema, haya, mmenifuata mpaka huku?"

"Ukashuka kwenda kukiona?"

"Nishuke vipi? Kazi, watoto, theluji. Nikawa nakipungia mkono tu. Halafu nikastaafu, nikapata muda wote wa dunia, sina wa kwenda naye. Peke yako unaingia shimo kama lile. Ukianguka, nani atajua?"

"Nani?"

"Mbweha."

Akaniuliza kama napenda kutembea. Nikajibu kwamba napenda sana, kwa maana ile ya wasomi, yaani nimesoma vitabu kadhaa kuhusu kutembea.

Jumamosi iliyofuata tulipanda basi mpaka kituo cha mwisho, tukafuata kijia kando ya reli. Anko alibeba chupa ya chai ya tangawizi na mikate yenye chatini ya dania. Mimi nilibeba mkoba wa ngozi na kuvaa viatu vya kufundishia. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimejipangusa jasho kwa majani laini, mazuri, yanayong'aa, ambayo Anko aliyatazama na kuuliza, kwa upole, kama nilikuwa na sababu ya kujipaka sumu usoni. Wiki ile nilifundisha nikiwa na jicho moja. Wanafunzi walikuwa wema, hakuna aliyeuliza.

Tulipokifikia kibanda cha kwanza, nilikuwa nimeshainama kuingia. Anko akanishika mkono wa koti.

"Unaenda wapi?"

"Ndani."

"Bila hodi?"

"Hamna mtu, Anko."

"Umejuaje? Mtu wa Tanga, tena mwalimu, unaingia nyumba ya watu kama kibaka."

Nikapiga hodi. Mtu mzima, mwenye shahada mbili, nimesimama kwenye miiba nabisha hodi kwa zege. Hapakuwa na jibu. Nikapiga ya pili, nikapiga ya tatu.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa tunarudi nyumbani. Hodi tatu bila jibu, unaondoka. Mama yako alikufundisha nini?"

Na kweli ndivyo alivyonifundisha. Nyumbani kwetu mtoto aliyeingia kwa jirani bila kuitikiwa alirudishwa kuomba radhi, hata kama jirani alikuwa shambani na hakujua lolote. Nilikuwa nimesahau kwamba sheria ile ina pande mbili: mahali pasipo mtu hapaingiliki. Tukasimama pale wawili, watu tuliokuja kwa basi safari ndefu, tumezuiwa mlangoni na malezi yetu.

Anko ndiye aliyepata njia. Mwenye nyumba hapigi hodi kwake. Basi mmoja wetu awe mwenye nyumba. Akajichagua mwenyewe, kwa umri, akainama, akapotea gizani. Kisha sauti ikatoka kwenye tundu la bunduki, karibu na goti langu. "Haya. Piga."

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Kila mtu ni mimi."

Nikafikiri. "Fundi bomba."

"Sikuita fundi. Nenda zako."

"Nimetoka mbali, mwenye nyumba. Nimepanda basi."

"Una chai?"

"Chai unayo wewe."

"Kweli. Karibu basi. Chunga kichwa."

Sikuchunga. Boriti ya mlango ule ilijengwa kwa askari wafupi au wenye akili, na mimi si mfupi.

Ndani mlikuwa na harufu ya majani yaliyooza na moto wa zamani. Mikebe ya bia, nta ya mishumaa, mapenzi ya watu yaliyochorwa ukutani kwa rangi ya kupuliza. Nilidhani tumemaliza, nikawa natafuta pa kuketi. Lakini Anko alisema kazi ya kibanda ni kuangalia nje, na aliyeingia bila kuangalia nje ameingia bure. Mombasa ndivyo walivyofanya. Kila mmoja na tundu lake, na lazima aseme anachokiona, kwa sababu upande wowote angeweza kutokea mzazi wa mtu. Nikaweka jicho kwenye tundu la kusini.

"Unaona nini?"

"Mwanamke na mbwa. Mbwa amevaa koti."

"Adui?"

"Mbwa siyo. Mwanamke sijui."

"Mwangalie vizuri. Huku kaskazini kuna trekta na mtu haendeshi, anakula."

Ndivyo zilivyokuwa Jumamosi zetu tangu miti ilipochipua hadi majira ya joto yalipokaribia kwisha. Vibanda vilikuwa sita kwa hesabu ya Anko, na tulirudi kwenye kila kimoja tena na tena, isipokuwa cha sita, kilichokuwa ng'ambo ya kijito. Maji yalikuwa mengi na daraja halikuwepo. Tulikiona kwa mbali, paa lake limeota mti mzima. "Tutakwenda maji yakipungua," Anko alikuwa akisema. Mlangoni, nikiulizwa nani, niliwahi kuwa mkaguzi wa mahandaki, mtu wa posta, mchungaji wa kanisa jipya, na mara moja, nilipochoka kubuni, mpangaji mwenye malalamiko. Alinizungusha mlangoni siku ile mpaka mvua ikaanza. Miezi hiyo sikuandika lolote kuhusu vibanda. Nilikuwa na mtu wa kuzungumza naye, na nimegundua kwamba sehemu kubwa ya insha zangu ilikuwa mbadala wa jambo hilo.

Tukazoea utaratibu. Tukifika, kwanza tulipiga hodi tatu kwa pamoja, kwa sauti kubwa, kwa heshima tu. Kisha Anko anaingia kuwa mwenye nyumba, na mimi nabaki nje kuwa mgeni. Mwezi wa nane, kwenye kibanda kilicho karibu na reli, tulipiga hodi ya kwanza na ndani kitu kikaanguka.

Tulitazamana. Anko, kwa mazoea, akapiga ya pili.

Tukasikia mifuko ya plastiki, zipu, mtu akijigonga. Akatoka mwanamume mwembamba, mdogo kuliko mimi, ndevu zimemjaa, kashika viatu mkono mmoja na blanketi lililokunjwa mkono mwingine. "Naondoka," alisema kwa Kiingereza. "Naondoka, nipeni dakika moja." Alikuwa anatutazama miguuni.

Alidhani sisi ni watu wa jiji, wale wanaokuja kuondoa mahema. Hao, alitueleza baadaye, ndio pekee wanaopaza sauti kabla ya kuingia. Wengine huingia tu. Nikajaribu kumfafanulia kwamba kwetu sisi mtu haingii nyumbani kwa mwenzake bila kuita, kwamba ni heshima, na kadiri nilivyofafanua ndivyo nilivyojisikia kama ninasoma tangazo la jiji.

"Kwa hiyo hamtoki jijini?"

"Hapana."

"Mnataka nini basi?"

"Tunaangalia tu," nikasema. Akatikisa kichwa polepole. Nadhani alishawahi kuangaliwa.

Anko alimmiminia chai. Aliinywa akiwa amesimama, viatu bado mkononi, akamshukuru, akasema ina pilipili. Tulimwambia abaki, hatutarudi upande ule, ni kwake. Akasema sawa.

Wiki mbili baadaye Anko alitaka kumpelekea mkate. Hatukupiga hodi kubwa. Anko alisogea mlangoni akasema hodi kama mtu anayemwamsha mgonjwa, akasema tena, na ya tatu, kisha akachungulia. Hakuwemo. Alikuwa amefagia. Majani yote yalikuwa yamekusanywa pembeni, sakafu imebaki tupu, na hakuna kitu chake hata kimoja.

Siku ile hatukuingia wala hatukuangalia kwenye matundu. Ndani ya basi Anko aliweka ule mkate magotini, akawa anaukandakanda kupitia mfuko.

"Tumemfukuza mtu kwa adabu," alisema.

"Labda alikuwa anaondoka hata hivyo."

"Mwalimu, usinifundishe." Tukapita vituo kadhaa. Kisha akasema, akiangalia dirishani, "Na wangu wanapiga hodi. Kila siku, kwa simu. Wana adabu sana."

Ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameanguka bafuni mwezi mmoja nyuma, na kwamba binti yake aliyeko Alberta, mbali magharibi, anataka kumhamishia kwake. Anko alisema aliteleza tu, sabuni. Nilimwuliza atafanyaje.

"Nitauliza 'nani?' mpaka wachoke."

Nilicheka, naye alicheka. Lakini usiku ule sikuwaza kuhusu bafu lake. Niliwaza kuhusu Jumamosi zangu. Naeleza hivi ili msomaji asinipe sifa zisizo zangu katika yale yanayofuata.

Binti yake Anko alikuja mwanzoni mwa vuli, mwanamke wa umri wangu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kukutanisha watu na kumaliza vikao mapema. Nikaitwa chai. Nyumba ya Anko ilikuwa ghorofa nne chini ya yangu, yenye mpangilio uleule, ila sanamu ya Bikira Maria ilikaa pale ambapo mimi nimeweka vitabu ambavyo sijasoma.

"Wewe ndiye wa mahandaki," binti alisema kwa Kiingereza.

"Msemeshe Kiswahili," Anko akasema kutoka kwenye kochi. "Anasikia yote huyo. Anajifanya."

"Nasikia," binti akasema, kwa Kiingereza.

Akanimiminia chai. Hakunilaumu kwa lolote, na hilo lilinifanya nikae wima. Alisema baba yake hakuteleza akainuka. Alilala kwenye sakafu ya bafu mpaka kulipokucha, simu iko chumbani, akigonga bomba kwa kopo la kuogea, na hakuna aliyesikia.

Nikamtazama Anko. Anko alikuwa anaitazama televisheni, nayo ilikuwa imezimwa.

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Ulikuwa umelala. Watu wazuri wote walikuwa wamelala."

"Akianguka tena," binti alisema, "nani atajua?"

Nililijua jibu, lile la mbweha. Anko naye alilijua, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu aliacha nafasi ya mzaha ipite.

"Mwambie wewe," binti akanigeukia. "Sisi tunampigia kelele tu. Wewe anakusikiliza."

Hapo nilikuwa na kila nilichohitaji ili kumbakiza. Ningesema nitampitia kila asubuhi, nitachukua ufunguo, nitamnunulia kile kifaa cha kuvaa shingoni ambacho ukikibonyeza watu wanakuja. Ningeyasema vizuri sana. Ninalipwa kuwafundisha wengine kuyasema mambo ya namna hiyo. Nikaanza.

"Kwa upande mmoja," nikasema, "mtu akishazoea mahali. Lakini kwa upande mwingine..."

Anko akaanza kucheka, kicheko cha kimyakimya kilichomtikisa sweta. "Muone. Hata mlangoni kwangu alikuwa hivihivi. Nani? Sijui, labda posta, labda mchungaji. Mwalimu, sema moja."

Nilifikiria kopo likigonga bomba. Nilifikiria kwamba bomba lile linapanda mpaka kwangu, na kwamba usiku ule, wowote uliokuwa, mimi nililala vizuri.

"Nenda, Anko," nikasema.

Alitafuta kofia yake kwenye kochi, akaivaa, akaivuta masikioni. "Haya," alisema. "Nimeambiwa." Kisha akamwambia binti yake anipe keki nyingine, kwa sababu mtu anayefukuza watu lazima ale.

Aliondoka kabla ya majani kuisha mitini. Nilisaidia kubeba masanduku hadi kwenye teksi. Aliniachia chupa ya chai, akisema huko anakokwenda wana mashine ya kahawa yenye vitufe vingi kama vya rubani wa ndege. Kibanda cha sita hatukukitaja.

Jumamosi zikarudi kuwa kama zamani, au mbaya kidogo kuliko zamani, kwa sababu sasa nilijua ni nini hakipo. Nilifua nguo. Mashine ilifungua mlango yenyewe kila mara. Nilimpigia simu Anko, akapokea sebuleni kwa bintiye, simu iko kwenye spika, wajukuu wanapita, na kwa kuwa kila mtu anamsikia akawa ananijibu Kiingereza. Vizuri, vizuri, kuna baridi, wanamlisha sana. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza. Nikakata simu nikiwa nimefika mahali ninapopajua.

Mwezi wa kumi na moja, miti ikiwa mitupu, nilipanda basi mpaka kituo cha mwisho. Sikuwa na mpango wowote wa maana. Nilikuwa nimenunua viatu vya porini, kwa kuchelewa kama kawaida yangu. Maji ya kijito yalikuwa yamepungua na mti mmoja ulikuwa umeanguka juu yake, nikavuka kwa makalio, hatua za mwisho nikajaribu kusimama kwa heshima na mguu mmoja ukaingia majini mpaka gotini. Hapakuwa na wa kucheka. Nikacheka mwenyewe kidogo ili jambo lisipite hivihivi.

Kibanda cha sita kilikuwa kama vile vingine, ila kizima zaidi. Mizizi ya ule mti ilikuwa imekishika juu na pembeni, na hakukuwa na rangi ukutani wala mkebe mlangoni. Nikasimama mbele ya boriti.

"Hodi," nikasema.

Ni neno linalosikika vibaya sana pasipo mtu. Nikasubiri, nikasema tena, nikasubiri, nikasema ya tatu. Upepo ukapita kwenye miiba. Sheria ilikuwa wazi, nami nilikuwa nimelowa. Ningeweza kujifanya mwenye nyumba, niingie tu bila kuuliza. Lakini mwenye nyumba asiye na mgeni ni kazi ninayoifanya kila jioni, ghorofani kwangu, sikuhitaji kupanda basi kwa ajili hiyo.

Nikatoa simu. Iliita kwa muda mrefu, kisha nikasikia televisheni, watoto, mlango.

"Hello?" alisema Anko.

"Hodi," nikasema.

Televisheni ikaendelea. Nikadhani hajanisikia, au amesikia na hana la kusema mbele za watu, na nilikuwa naanza kujiandaa kuuliza habari za baridi. Nikasikia anatembea. Mlango ukafungwa, na televisheni ikafifia.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Kila mtu ni mimi."

Nilikuwa na orodha nzima ya vyeo. Hakuna hata kimoja kilichokuja. "Mimi tu, Anko," nikasema. "Yule wa juu yako, ghorofa nne. Nimevuka. Nipo mlangoni na mguu umelowa."

"Umevuka peke yako?"

"Ndiyo."

"Mjinga." Alivuta pumzi. "Hukuita mtu?"

"Ndiyo nakuita."

"Karibu," alisema. "Chunga kichwa."

Nikachunga. Niliinama sana, simu sikioni, nikaingia, na zege lile nene lililojengwa kuzuia risasi likazuia mtandao vilevile. Sauti yake ikakatika katikati ya neno. Nikabaki gizani na simu isiyosema kitu. Ndani palikuwa pakavu, pana majani machache na mifupa ya ndege mmoja. Nilisimama kidogo kwa adabu, kama mtu anavyosimama sebuleni kwa wenyewe waliotoka, kisha nikatoka nje.

Simu ikaita kabla sijanyooka mgongo.

"Umekata," alisema.

"Ni zege."

"Kuna nini ndani?"

"Hamna kitu, Anko. Majani."

"Najua kuna majani. Kwenye matundu unaona nini?"

Sikuwa nimeangalia. Nilikuwa nimeingia bure, na yeye alijua kutokana na namna nilivyonyamaza, akiwa mbali namna ile, amejifungia katika chumba ambacho sijawahi kukiona, nadhani bafuni, kwa jinsi sauti ilivyokuwa inarudi.

"Nipe muda kidogo," nikasema.

"Ninao. Nenda."

Nikarudi ndani. Kwenye tundu la kaskazini kulikuwa na shamba lililovunwa, mabua yamekatwa usawa mmoja, na paa wawili wanakula, mmoja akiinua kichwa kila baada ya muda. Tundu la mashariki limezibwa na mzizi. Kusini, kwa mbali, reli, na juu ya tuta mtu mmoja anatembea na mfuko wa plastiki kila mkono. Nilimtazama mpaka akapotea, nione kama ni yule wetu, sikuweza kujua. Magharibi kulikuwa na maghorofa ya Scarborough, madogo, yamepangana, na lazima mojawapo lilikuwa langu. Nikayarudia yote kimoyomoyo kwa mpangilio, nisije nikachanganya, nikainama vizuri kwenye boriti na kutoka nje kutafuta mtandao.